Kampuni iliyotuuzia viwanja hewa inataka tukae mezani. Tukae?

*"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Temeke, na ni mweka hazina wa kikundi cha wanunuzi 38 wa viwanja. Kuanzia 2021 tuliilipa kampuni moja ya hapa Dar kwa awamu, viwanja viko Kigamboni. Tulipokwenda kuonyeshwa bikoni zetu tukakuta watu wengine wameshaanza kujenga, nao wana stakabadhi za kampuni ileile. Upande wa pili mwenye shamba anasema hakumaliziwa fedha zake. Tulikuwa tunajiandaa kwenda polisi, ndipo wakili wa kampuni akatuletea barua: mkurugenzi anaomba kikao cha maridhiano, atarejesha asilimia 60 kwa miezi 18, na sisi tusaini kwamba hatutapeleka malalamiko popote. Wazee kwenye kikundi wanasema tukubali, kesi haziishi. Vijana wanasema mwizi ni mwizi, mbona mwizi wa kuku haitwi mezani? Binti yangu aliye chuo ananiambia kuna haki rejeshi, na kwamba hata makampuni makubwa duniani yanaitumia. Ni kweli, au ni njia ya wenye nazo kununua ukimya?"*

Marahaba, mwalimu. Pole sana, na uwape pole wenzako wote. Fedha ya kiwanja kwa mtu wa mshahara imetoka kwenye ada iliyocheleweshwa na kwenye mkopo ambao benki bado inaukata kila mwezi, na hilo linauma kuliko tarakimu iliyoandikwa kwenye stakabadhi.

Umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Moja, kama kukaa mezani na mtu aliyekutendea jinai ni haki au ni unyonge. Jingine, kama karatasi mliyoletewa ni maridhiano kweli. Hili la pili nalijibu kwanza kwa sababu lina haraka: msiisaini.

Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 7. Kanuni ya Adhabu inakwenda mbele zaidi: inamfanya kuwa mkosaji hata yule anayepokea fedha au faida yoyote kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa la jinai, au kuacha na kuchelewesha mashtaka yake. Kurudishiwa fedha zenu wenyewe si kosa hata kidogo. Kosa linazaliwa pale fedha hizo zinapofungwa kwenye sharti la kunyamaza. Kwa hiyo karatasi ile inawaweka ninyi hatarini, na wala haimkingi mkurugenzi, maana mashtaka ya jinai ni ya Jamhuri. Anayeamua kuyafungua au kuyaondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na kikundi chenu hakiwezi kumfunga mikono kwa saini 38. Wakili aliyeiandika barua ile anayajua haya. Anategemea kwamba ninyi hamyajui.

Sasa nije kwenye haki rejeshi yenyewe, kwa sababu binti yako amesema kweli, ila kuna sehemu amechanganya.

Mahakama ya jinai huuliza: sheria gani imevunjwa, nani kaivunja, anastahili adhabu gani? Mmarekani Howard Zehr, mmoja wa waliolijenga wazo la haki rejeshi, aliyageuza maswali: nani ameumia, anahitaji nini, na ni nani mwenye wajibu wa kuyatengeneza yaliyoharibika? Mfano wa kwanza unaotajwa sana ni wa mwaka 1974 huko Kanada, katika jimbo la Ontario, ambapo vijana wawili waliofanya uharibifu kwenye nyumba na mali za watu walipelekwa kukutana na waathirika wao mlango kwa mlango. Njia hii ilianza na vijana na makosa ya mitaani. Kampuni zilikuja baadaye, na zilikuja na matatizo yake.

Kisa ninachowasimulia watu kila ninapoulizwa kuhusu kampuni ni cha Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mawakala wa kampuni ya bima walikwenda kwenye vijiji vya wenyeji wa asili, mbali kabisa huko kaskazini mwa Queensland, wakawauzia bima watu ambao wengi wao hawakuweza kusoma walichokuwa wanakisaini. Msimamizi wa serikali angeweza kwenda mahakamani moja kwa moja. Badala yake, wakubwa wa kampuni walitakiwa waende wenyewe kijijini, mahali panapoitwa Wujal Wujal. Wakalala kwenye magodoro yaliyotandikwa juu ya sakafu ya zege, wakala vyakula vya makopo kama wenyeji wao, na wakawasikiliza waliotapeliwa mmoja baada ya mwingine. Waliporudi mjini mambo yalibadilika. Wateja wapatao 2,000 walilipwa fidia, uchunguzi wa ndani ukafanyika, watumishi na mawakala wapatao 80 wakaondolewa kazini, na ukaanzishwa mfuko wa kuwaelimisha wenyeji ili wasitapeliwe tena.

Mtaalamu wa jinai John Braithwaite, aliyekisimulia kisa hicho kwa marefu, ndiye pia aliyeeleza kwa nini kilifanikiwa, na maelezo yake ndiyo moyo wa jibu langu kwako. Mkubwa wa kampuni aliye ghorofani anaona namba. Jina lako kwake ni mstari kwenye kompyuta, na udanganyifu wa kampuni hugawanywa vipande vipande: muuzaji anasema aliambiwa auze, mpima anasema alisubiri ramani, mhasibu anasema alipokea fedha tu, mkurugenzi anasema hakujua. Kila mmoja anabaki na kipande kidogo kiasi kwamba dhamiri yake haimsumbui. Kuwakusanya wote mbele ya mtu mmoja aliyeumia kunavirudisha vile vipande mahali pamoja. Hiyo ndiyo kazi ya kikao. Machozi na kuombana radhi vinaweza kuja au visije.

Sehemu ya pili ya maelezo yake husahaulika na wale wanaoisifia sana haki rejeshi. Pale Wujal Wujal, nyuma ya meza kulikuwa na msimamizi mwenye meno. Kampuni ilijua kwamba mazungumzo yakivunjika inayofuata ni mahakama, na ikiendelea na ukaidi hata leseni inaweza kwenda. Braithwaite analichora hili kama piramidi: chini kuna mazungumzo, juu yake onyo, juu zaidi faini na mashtaka, na kileleni kuifungia kampuni kabisa. Mnaanzia chini, lakini hakuna anayekibomoa kilele kabla mazungumzo hayajaanza. Ile karatasi mliyoletewa inataka mbomoe kilele kwanza, ndipo mzungumze.

Kuhusu makampuni makubwa, mwambie binti yako kwamba mengi ya hayo ni mapatano kati ya kampuni na waendesha mashtaka, na mwathirika hayumo ukumbini. Tanzania tunaijua mifano miwili. Wengi wetu tunakumbuka "chenji ya rada". Kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ilikiri kosa la kutoweka vizuri kumbukumbu za mahesabu katika biashara ya rada iliyouzwa kwa serikali yetu, na mwishowe pauni milioni 29.5 zikaletwa kwa ajili ya Watanzania, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule. Huenda wewe mwenyewe umefundishia vitabu hivyo. Mfano wa pili ni wa Novemba 2015, benki ya Standard Bank ilipofikia makubaliano mbele ya mahakama ya London kuhusu dola milioni 6 zilizolipwa kwa kampuni ya hapa nchini wakati serikali yetu ikitafutiwa mkopo wa dola milioni 600. Takriban dola milioni 7, riba ikiwemo, zilirudishwa kwa serikali ya Tanzania.

Fedha kurudi ni jambo jema, sitalidharau. Lakini nani katika hao aliwahi kukaa mbele ya mwalimu wa Temeke akamweleza alichokifanya? Na hapa kwetu, Septemba 2019, watuhumiwa zaidi ya 460 wa makosa ya uhujumu uchumi waliomba kukiri na kurejesha fedha, jumla yake zaidi ya shilingi bilioni 107. Wengi wao walikuwa mahabusu kwa makosa yasiyo na dhamana. Mtu akikubali akiwa upande ule wa ukuta wa gereza, mimi siwezi kusema amekubali kwa hiari yake, na hiari ni sharti la kwanza la haki rejeshi. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2002 inalisema waziwazi: pande zote ziingie kwa hiari, na ziwe na uhuru wa kujitoa wakati wowote.

Vijana wenu wana hoja nzito na sitaki wazee waipuuze. Ni kweli mnyonge hupigwa virungu na mwenye suti huitwa mezani. Lakini sheria yenyewe haisemi hivyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza mapatano kwenye makosa madogo ya mtu na mtu, kama vile shambulio la kawaida. Makosa makubwa hayamo. Kwa hiyo mkurugenzi wenu hana tiketi maalumu ya kuikwepa jinai kwa sababu tu ana ofisi yenye kiyoyozi, na kikao chenu hakimpi tiketi hiyo.

Wazee nao wana hoja. Nimekaa na watu wengi walioshinda kesi ya jinai na wakatoka mahakamani mikono mitupu. Mahakama inaweza kuamuru fidia baada ya kumtia mtu hatiani, ndiyo, lakini amri haijazi akaunti iliyokwisha kaushwa. Mkurugenzi akiwa gereza la Segerea na kampuni ikiwa jina tu kule BRELA, kwa wasajili wa kampuni, mnabaki na hukumu nzuri ya kusoma. Ila wazee wanakosea mahali pamoja: wanadhani kikao hiki ni sawa na kile cha ukoo. Kwenye ukoo aliyekosa anajua Jumamosi ijayo mtakutana msibani, na mwakani ataozesha binti yake akiwahitaji ninyi nyote. Aibu ya kuonekana na watu wake ndiyo inayomlipisha. Kampuni haina msiba wala arusi. Inaweza kufungwa mwezi ujao na nyingine ikafunguliwa kwa jina jipya. Kwa hiyo msitafute aibu ya kampuni. Tafuteni watu wenye majina, na hakikisheni wale ambao heshima yao ina maana kwao wapo ukumbini: mbia mwenzake aliyeweka mtaji, labda pia mtu mzima wa familia anayemheshimu. Simaanishi kumrusha mitandaoni na kumtukana. Hiyo inaleta kesi nyingine dhidi yenu, na mtu aliyedhalilishwa hutafuta pa kujificha badala ya kutafuta namna ya kulipa.

Basi mkienda, mwende vipi?

Kwanza, mwezeshaji asiwe wakili wa kampuni wala asichaguliwe na kampuni peke yake. Wizara ya Katiba na Sheria inasajili wasuluhishi na wapatanishi, kwa hiyo ombeni kuona cheti chake. Mwezeshaji anayejua kazi atakutana na kila upande peke yake kabla ya siku ya kikao, zaidi ya mara moja ikibidi, na hatawakutanisha kabisa kama mkurugenzi bado anasema "kulikuwa na changamoto za kiutendaji". Asiyekiri alichokifanya hana cha kurejesha. Huyo mpelekeni polisi na mahakamani, msipoteze nauli.

Pili, ukweli utangulie fedha. Kabla ya kuzungumza asilimia, kampuni iweke mezani orodha ya wanunuzi wote wa eneo lile, ramani ya upimaji, mkataba wake na mwenye shamba, na taarifa za benki zinazoonyesha fedha zenu zilikwenda wapi. Ninyi kwa upande wenu fanyeni upekuzi BRELA mjue wakurugenzi na wanahisa ni kina nani, na upekuzi wa ardhi mjue kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani. Asilimia 60 ya nini, kama hamjui alichobaki nacho? Inawezekana hana hata 20, na inawezekana ana viwanja vingine Kibaha ambavyo vingewalipa wote kwa ukamilifu.

Tatu, na hapa naomba unisikilize kwa makini, rudini kwenye swali la nani ameumia. Katika barua yako umewataja waathirika ambao hawamo kwenye kikundi chenu. Yule anayejenga juu ya kiwanja chako, naye ana stakabadhi. Mwenye shamba hakumaliziwa fedha zake. Kikundi chenu kimekuwa kinawaona kama wapinzani, na kampuni inafurahia hivyo, kwa sababu wakati mnagombana nao kwenye ofisi ya serikali ya mtaa hakuna anayemuuliza mkurugenzi. Waiteni. Bila wao mtagawana fedha ambazo kesho mwenye shamba atazidai, au mtapewa kiwanja mbadala ambacho tayari kina mtu wa tatu. Nimewahi kuona mazungumzo ya aina hii yakibadilika kabisa siku mjane aliyeuza shamba alipokaa kiti kimoja na wanunuzi: ghafla kampuni haikuwa na wa kumsingizia. Mwenyekiti wa mtaa naye awepo, hasa kama ndiye aliyeshuhudia mikataba, naye aeleze alishuhudia nini.

Kila mwathirika apewe nafasi ya kusema kilichompata kwa maneno yake. Mara nyingi fidia wanayoihitaji watu si ya aina moja. Aliyetumia kiinua mgongo anataka fedha zake mapema kabla hajaugua. Aliyekwisha kumwaga msingi anataka kiwanja. Mwingine anataka barua ya kumwonyesha mumewe kwamba fedha hazikuliwa na yeye. Barua hiyo haigharimu kitu, na asilimia 60 kwa miezi 18 haiwezi kuileta.

Wewe binafsi, mwalimu, jihadhari. Njia ya kawaida ya kuvunja kikundi ni kumlipa mweka hazina na wasemaji wawili kwanza, tena kwa ukamilifu. Kubalianeni leo, kwa maandishi na mbele ya wote, kwamba hakuna kiongozi atakayelipwa kabla ya wengine na kwamba hakuna anayekutana na upande wa kampuni peke yake.

Makubaliano yakipatikana, yasiishie kwenye karatasi ya ofisini. Fungueni kesi ya madai, na kwa kuwa mko wengi mwanasheria anaweza kuomba wachache wawawakilishe wote. Kesi za madai hupitia usuluhishi kabla ya kusikilizwa, na makubaliano yenu yakirekodiwa mahakamani yanakuwa hukumu. Mkurugenzi akiacha kulipa mwezi wa nne, mnakazia hukumu bila kuanza upya. Ndani yake takeni udhamini binafsi wa wakurugenzi, mali iliyotajwa kwa namba kama dhamana, na jambo la kuzuia kosa lisijirudie: kwa mfano, kampuni isiuze kiwanja chochote kabla ramani haijaidhinishwa na mwenye shamba hajamaliziwa. Penye ardhi iliyosajiliwa, mwanasheria wenu aangalie uwezekano wa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili viwanja visihamishwe wakati mnazungumza.

Na polisi? Toeni taarifa. Kutoa taarifa hakuui mazungumzo. Mara nyingi ndiko kunayafanya yawe ya kweli. Kesi ya jinai ikifika mahakamani na mkurugenzi akataka kukiri kwa makubaliano, utaratibu uliowekwa mwaka 2019 unamtaka mwendesha mashtaka ashauriane na mwathirika pale mazingira yanaporuhusu, na makubaliano hayo yanaweza kubeba fidia. Mwandikieni mapema ajue mpo, mko wangapi na mnadai nini. Katiba yetu, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa walioathirika na makosa ya wengine na zikuze usuluhishi baina ya wanaogombana. Kwa hiyo kudai vyote viwili hakukufanyi uonekane king'ang'anizi.

Sitakuficha: hata mkifanya haya yote, huenda msipate fedha yote. Kikao kizuri chenye kampuni iliyofilisika bado ni kikao na kampuni iliyofilisika. Kwa hali uliyonieleza, mimi ningekwenda mezani, kwa masharti niliyoyataja, na ningeweka muda, tuseme siku 60, baada ya hapo mazungumzo yasimame kama nyaraka hazijatolewa. Muda una maana kwa sababu nyingine pia: madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6, na kwa kawaida mazungumzo hayausimamishi. Mlianza kulipa 2021. Tarehe kamili ya kila mtu inategemea mkataba wake, na hilo siwezi kulijibu nikiwa mbali.

Ndiyo maana wiki hii mtafute mwanasheria atakayesoma mikataba yote 38, asisome mmoja wa mfano. Kama hamna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili hiyo: anzieni kwa msaidizi wa kisheria wa kata yenu, au mwende Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), au Chama cha Mawakili cha Tanganyika. Bebeni stakabadhi halisi pamoja na nakala, jumbe za simu msizifute, na miamala ya simu ombeni taarifa yake kwa mtandao husika. Kama kuna mwenzenu ambaye ameanza kupigiwa simu za vitisho, huyo asisubiri kikao chochote: aende kituo cha polisi leo, achukue RB (namba ya taarifa yake ya polisi), na asikae chumba kimoja na watu wale mpaka mwanasheria wenu aseme ni salama.